Miaka Kumi na Minane ya Fundi Apolinary kwenye Shingo ya Darubini

Ndugu Apolinary Mafuru anastaafu tarehe 30 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sitini. Amefanya kazi miaka kumi na minane na miezi mitano katika kituo chetu cha kutazamia nyota cha Kyamarwa, na muda wote huo kazi yake ilikuwa moja: shingo ya darubini.

Kwa wageni watakaosoma karatasi hii, shingo ni jina letu wenyewe la hapa kilimani. Wenye elimu wanaiita maunti. Ni kile chuma kinachobeba darubini na kuigeuza polepole sana, kwa sababu nyota haitulii. Inatembea kama jua linavyotembea, na usipoifuata inatoka kwenye kioo unabaki unaangalia giza. Darubini nzuri juu ya shingo mbovu haina faida yoyote. Tulijifunza hilo kwa taabu.

Mwalimu Renatus, mkuu wa kituo, alitaka wasifu huu uandikwe na mtu wa chuo. Lilian, mwendesha darubini wetu, akasema uandikwe na mtu aliyekaa naye. Kwa hiyo nimeandika mimi, msukuma paa. Nyumba ya darubini ina paa la bati lenye magurudumu. Jioni nalisukuma kufungua, asubuhi nalisukuma kufunga, na nimefanya hivyo tangu nilipofika huku kutoka Kasulu. Palipo na kosa la kuandika, nisamehewe. Palipo na kosa la ukweli, niulizwe.

Ndugu Apolinary alizaliwa Majita mwaka 1965, mtoto wa mvuvi. Alimaliza darasa la saba, akapelekwa Rukuba kujifunza kazi ya baba yake. Alikaa kisiwani miaka miwili, akarudi nchi kavu kwa sababu ndiye Mjita pekee ninayemfahamu ambaye akipanda mtumbwi anatapika. Mwenyewe husema ziwa alilipenda, ila lenyewe halikumpenda. Akaenda Musoma, akakaa kwenye kibaraza cha fundi mmoja pale Mukendo, akajifunza kutengeneza cherehani. Miaka zaidi ya ishirini alifungua na kufunga cherehani za mji mzima.

Kazi hiyo ndiyo iliyomleta kwetu. Shingo yetu ilitolewa zawadi na wapenda nyota wa nchi za mbali, ikaja ndani ya sanduku pamoja na kitabu cha maelezo. Miezi mitatu ya kwanza ilikula jino la gia. Mwalimu Renatus akaifunga kwenye blanketi, akaibeba hadi Mukendo, akaiweka mbele ya Apolinary. Apolinary akaifungua, akaitazama, akasema, "Mwalimu, hii ni cherehani isiyo na sindano. Inashona nini?"

Mwalimu akamwambia inashona mbingu. Apolinary akacheka, akatengeneza jino, kisha akaomba nauli aje aone. Alikuja Alhamisi, akasema atarudi mjini Jumapili. Hiyo ilikuwa Februari 2007.

Alichokikuta hakikumfurahisha. Sisi tulikuwa tumeifunga shingo vile kitabu kinavyosema, imeinuliwa kichwa juu, inatazama kaskazini. Wanafunzi wakija kutoka Bunda kuangalia sayari, wa kwanza anaiona, wa pili anaona nusu, wa tatu haoni kitu. Tulikuwa tunawaambia kuna wingu.

"Kitabu kinasema iinuliwe," Mwalimu alimweleza.

"Kitabu kimeandikiwa wapi?"

"Ulaya."

"Basi huko waiinue. Ile nyota ya kaskazini wanayoisema, wewe umeshawahi kuiona ukiwa hapa?"

Mwalimu alifundisha fizikia miaka thelathini, na hakuwa ameiona. Hapa kwetu karibu na ikweta nyota ile haionekani, na shingo inatakiwa ilale karibu sawasawa na ardhi. Mwalimu alilijua jambo hilo kwenye karatasi. Hakuna aliyekuwa amelifanya kwenye chuma. Shingo yenyewe ilikataa, bolti yake iligoma kushuka zaidi. Apolinary akaenda Iringo, kule Musoma, kwa fundi wa kuchomelea, akarudi na kabari nzito ya chuma, akaichomeka chini ya shingo, ikalala. Siku hiyo wanafunzi arobaini waliiangalia Zohali, na wa arobaini aliiona palepale alipoiona wa kwanza.

Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza tena habari za kurudi mjini.

Nitaje mengine machache. Msimu wadudu wa ziwani wanapopanda kama moshi, walikuwa wanaingia kwenye gia na kugandia kwenye grisi. Apolinary aliishonea shingo gauni la chandarua, lenye lastiki kiunoni. Lilian alipoliona mara ya kwanza aliuliza mahari ilipelekwa kwa nani. Gauni hilo sasa ni la saba. Alipiga marufuku grisi ya magari na kutumia mafuta ya cherehani tu. Akiwa na Lilian wamepima mara mia tatu na arobaini na moja saa kamili mwezi unapoificha nyota, na hesabu hizo zimetumwa kwa wanaozihitaji duniani. Nyota mpya hatujagundua hata moja. Nalisema hilo kwa sababu kila mgeni anauliza.

Lakini wasifu wa Ndugu Apolinary ukiishia hapo utakuwa umeficha jambo kubwa kuliko yote, na wote wa kijiji wanalijua, hivyo hakuna sababu ya kulificha hapa.

Kilima hiki si chetu. Ni malisho ya kijiji. Tulipewa kwa mwaka mmoja mmoja, na kila Julai mkutano wa kijiji unakaa kuamua kama tubaki au tuondoke. Tukiambiwa tuondoke, darubini inarudi kwenye sanduku na sisi tunarudi makwetu. Kila mwaka mwezi huo tulikuwa tunakula kwa shida.

Sasa, shingo ilipolazwa, fimbo yake ya chini ikawa inagonga nguzo. Apolinary akaikata. Kila shingo ina jiwe la uzani kwenye fimbo hiyo, la kusawazisha na darubini, na fimbo ikiwa fupi jiwe linatakiwa liwe zito zaidi. Letu halikutosha. Duka lenye jiwe la namna hiyo halikuwepo Bunda wala Musoma. Lililokuwepo ni jiwe la kilo kumi la mizani ya pamba, pale kwenye kituo cha wakulima cha kununulia, kilomita tatu chini ya kilima. Mizani ya siku hizo ilikuwa ya zamani, gunia upande huu, mawe ya chuma upande ule.

Mzee Makoye, mwenyekiti wa kijiji, alimkubalia kuliazima. "Chukua jioni," alimwambia, "lakini jogoo akiwika liwe hapa."

Shida ni kwamba miezi ambayo anga ni safi ndiyo miezi ya kupima pamba. Basi kila jioni Apolinary alishuka na baiskeli, akalichukua jiwe, akapanda nalo, akalifunga kwenye fimbo kwa mpira wa tairi. Alfajiri akalirudisha. Misimu miwili alifanya hivyo, na hakuchelewa hata siku moja. Wakulima walimzoea. Walikuwaga wakimwona anapita wanasema, "Jiwe linaenda kulala."

Julai 2009 tukafunga kamera ya kuazima. Darubini ikazidi uzito, jiwe likapungua tena. Chini ya jiwe lile kulikuwa na shimo. Apolinary akachukua risasi za nyavu, vile vidonge ambavyo wavuvi wanafunga ili nyavu zizame, akazipanga shimoni akazigandisha kwa lami. Mpango ulikuwa kuzibandua kila alfajiri kabla ya kushuka. Alifanya hivyo siku nne.

Siku ya tano tulipata picha yetu ya kwanza iliyotulia. Vijidoti vya nyota vilikuwa duara kabisa, hakuna kilichovutika. Mwalimu Renatus alicheza ngoma ya kwao. Alfajiri Apolinary alishuka kilima anaimba, akalirudisha jiwe mezani kwa karani wa pamba, akapanda gari la Musoma kwenda kuirudisha kamera. Risasi zilibaki ndani ya jiwe.

Alikaa Musoma siku sita. Siku sita zote pamba ilipimwa na jiwe lililozidi, na jiwe likizidi mkulima anaandikiwa kilo pungufu. Karani hakujua, wakulima hawakujua.

Aliporudi akalichukua jiwe kama kawaida, akaligeuza ili alifunge, akaona. Nilikuwa hapo. Alikaa chini kwenye sakafu ya sementi na jiwe mapajani.

Mwalimu Renatus akaja, akaona, akaelewa. Mkutano wa kijiji ulikuwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. "Zibandue," Mwalimu alisema. "Zibandue sasa hivi, Apolinary. Mkutano ukipita tutatafuta namna ya kuwafidia taratibu."

Nami nilimwambia Apolinary anyamaze. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikuwa na watoto watatu Kasulu wanaokula kwa paa hili ninalosukuma, na niliona msumari mmoja na dakika tano vinatosha kumaliza jambo ambalo hakuna mtu aliyeliona.

Apolinary hakubishana. Alisema tu, "Nikizibandua hapa, nani atajua zilikuwa ngapi?" Usiku ule hakufunga jiwe. Darubini haikufunguliwa.

Asubuhi nilishuka naye. Wakulima walikuwa wamekaa juu ya magunia wakisubiri zamu. Apolinary aliliweka jiwe mezani, tumbo juu, akavua kofia.

"Jiwe hili limezidi," alisema. "Nililizidisha mimi kwa ajili ya darubini, nikasahau kulipunguza. Siku sita mmepimiwa nalo. Karani hajui kitu, msimguse."

Karani akasema, "Kaka, umenimaliza." Mama Marieta, aliyekuwa mbele kwenye foleni na magunia yake matatu, akasimama.

"Limezidi kiasi gani?"

"Sijui, mama. Nimekuja tulipime mbele yenu."

Kituo kilikuwa na mawe mawili ya kilo tano. Yakawekwa upande mmoja, lile la kumi upande wa pili. La kumi likazama. Apolinary akatoa msumari, akabandua risasi ya kwanza, akaiweka mezani. Jiwe bado limezama. Ya pili. Ya tatu. Watu walikuwa wamesogea mpaka wanatupumulia. Alipobandua ya kumi na moja, mizani ikasimama sawa.

"Hebu rudisha mbili tuone," Mama Marieta alisema. Akarudisha mbili, jiwe likazama. Akazitoa, ikasimama. Ndipo kelele zikaanza.

"Kumbe mlisemaga mnaangalia mbinguni, mnaangalia magunia yetu!"

"Hizo nyota zenu zinakula pamba?"

"Fundi, ungekaa na cherehani zako!"

Mzee Makoye aliitwa, akaja na mguu mmoja una kiatu na mwingine una ndala. Akauliza kama gari la kuchukua pamba limeshafika. Halikuwa limefika. Magunia ya siku sita yote yalikuwa ghalani, kila moja na jina la mwenyewe. Akaamua yapimwe upya yote. Apolinary ndiye aliyeyabeba, nami nikamsaidia kwa sababu nilikuwa na aibu. Siku mbili tulibeba pamba, tunatoka ghalani weupe kama wazee. Kila mkulima alisimama akaona gunia lake linapimwa, akaandikiwa kilo zake halisi. Mama Marieta alikuja kuona hata magunia yasiyo yake.

Jumamosi mkutano ukakaa. Mwalimu Renatus alivaa koti. Mimi nilikuwa nimeshafunga begi langu.

Aliyesimama kwanza alisema kilima kirudi kwa ng'ombe. Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu akataka Apolinary apelekwe mbele zaidi, polisi. Mzee Makoye akamtazama Mama Marieta, kwa kuwa ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Akamwambia, "Mama, wewe unasemaje?"

Alisimama taratibu. "Mimi nimepima pamba tangu sijaolewa," alisema. "Mawe yamezidi miaka yote. Tulikuwa tunayajua, tunarudi nyumbani tunanung'unika. Sijawahi kuona mtu analeta jiwe, analipindua, anasema limezidi. Huyu ndiye wa kwanza. Sasa mnataka tumfukuze wa kwanza, ili tubaki na nani?"

Watu wakacheka, wakaguna, wakabishana mpaka jua likaanza kuzama. Mwisho mkutano ukatupa kilima kwa miaka kumi badala ya mmoja, kwa masharti mawili. La kwanza, tusiazime tena jiwe lolote la mizani. La pili, kila msimu unapofunguliwa Apolinary ashuke kituoni, apime mawe yote mbele ya wakulima, aseme anachokiona.

Sharti la kwanza lilitimizwa na fundi wa Iringo, aliyetuchongea jiwe letu wenyewe. Sharti la pili Ndugu Apolinary amelitimiza kwa misimu kumi na sita. Miaka kumi ilipoisha tulipewa mingine kumi, na mkutano ule haukuchukua hata nusu saa. Siku hizi mizani ni ya betri na namba zinawaka nyekundu, lakini bado wakulima walikuwa hawapimi siku ya kwanza mpaka ameshuka.

Kwa hiyo habari za kustaafu kwake zilipotoka, watu wa kwanza kupata wasiwasi hawakuwa sisi. Shingo tulijua itabaki mikononi salama. Lilian ameiendesha peke yake kwa miaka miwili iliyopita, na sikio lake kwa gia linazidi la Apolinary aliyemfundisha. Wasiwasi ulikuwa kijijini. Waliuliza wazi: akienda, nani atasimama pale mezani? Na walikuwa wanakumbuka vizuri kwamba kilima tumepewa kwa ajili yake.

Mwezi Mei mwaka huu Apolinary alishuka na Lilian. Hakumwelekeza kitu. Alikaa nyuma kwenye magunia pamoja na wakulima. Lilian akachukua jiwe la majaribio la kilo ishirini, akaliweka kwenye mizani mpya, mizani iliyotoka kwenye boksi lake asubuhi hiyohiyo. Namba zikasoma ishirini nukta sifuri tano. Karani akasema hiyo ni sawa, aendelee. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali, na hakuna mkulima ambaye angeona kutoka alipokaa.

Lilian aliondoa jiwe, akarudisha, akatazama tena. Kisha akageukia watu akasema kwa sauti, "Si sawa. Inazidisha gramu hamsini. Zimeenda upande wenu leo, lakini si sawa. Hatuanzi mpaka irekebishwe."

Wengine walilalamika, kwa nini aseme hasara ya mwenye kununua. Mama Marieta sasa ana fimbo na haoni vizuri. Aliuliza aliyesema ni nani, akaambiwa. Akanyoosha mkono mpaka akampata Apolinary begani.

"Nenda kapumzike, baba," alimwambia.

Ndugu Apolinary anarudi Majita kwa mke wake, Bi Hyasinta, aliyevumilia miaka kumi na minane mume anayelala mchana. Amesema atafungua kibaraza cha cherehani, na kwamba hatapanda mtumbwi.

Ndugu Apolinary, kwa niaba ya Mwalimu Renatus, Lilian na wote tuliofanya kazi nawe, asante. Asante kwa shingo iliyolala vizuri, na kwa asubuhi ile ambayo hukunisikiliza. Watoto wangu watatu wamesoma kwa paa hili. Tunakuombea afya, usingizi wa usiku kama watu wengine, na miaka mingi ya kukaa na watu wako. Nenda salama.

Gody, msukuma paa
Kituo cha Kutazamia Nyota Kyamarwa